Sauti ya Kweyu Haizikwi

Butere
12 Januari 2025

Kwako Mama Roseline,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama anayelalamikia magoti kila kukicha, na ng'ombe yule mweusi aliyeanguka mtaroni akavunjika pembe moja. Frankline wangu amepata kazi ya kuchoma matofali na sasa anakula kama watu wawili. Natumaini wewe na binti yetu mko salama hapo Jericho, na kwamba yule mwenye saluni wa Kariobangi hamtesi mtoto.

Naandika barua kwa sababu unajua simu hainifai. Masikio yangu niliyaacha katika kiwanda cha misumari kule upande wa Mukuru kwa Reuben, miaka ishirini na sita, na maandishi ya simu ni madogo kama mayai ya chawa.

Sikukuu hii nimetazama filamu mbili katika zile alizokuwa akinitumia marehemu ndugu yangu. Ile ya Wahindi sikuipenda. Bi harusi analia kuanzia mwanzo hadi mwisho, nadhani ni kwa sababu bwana harusi ni mzee na ana meno mabaya. Kisha wote wanafungua midomo kwa pamoja na mvua inawanyeshea wala hawakimbii. Ile ya Wachina ni bora. Mzee mmoja anawanyima vijana chakula mpaka wanamwaga sufuria yote chini, kisha wanajuta. Hiyo ina mafunzo.

Sasa neno lenyewe. Makumbusho ya marehemu yatakuwa Jumamosi tarehe 31 Mei. Wazee wa ukoo wamekaa chini ya Mzee Shiundu na wamesema hivi: siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi tuligawana vitu vyote vya Kweyu, lakini kimoja kilibaki Nairobi, nacho ni sauti yake. Haifai maiti alale Butere huku akiendelea kuongea Jericho. Kwa hiyo ile flashi na diski zote alizosimulia filamu ndani yake ziletwe siku hiyo, ziwekwe kaburini pamoja naye.

Najua utaelewa, maana wewe ni mtu wa heshima.

Mimi shemeji yako,
Andati

*

Jericho
2 Februari 2025

Shemeji Andati, Baba Frankline,

Salamu zako zimefika. Mwambie Mama asugue magoti kwa mafuta ya moto na aache kuinama shambani kana kwamba hana wajukuu. Roseline hajambo. Mwenye saluni hamtesi, yeye ndiye anayemtesa mwenye saluni. Mimi niko sawa, nauza maharagwe yangu sokoni, na paa limevuja mara moja tu mwaka huu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama.

Kwanza filamu. Shemeji, yule si bi harusi. Ni askari wa kike amevaa nguo za arusi ili amnase mwizi wa dhahabu, na huyo mwenye meno mabaya ndiye mwizi. Machozi ni ya vitunguu. Na yule mzee wa Wachina hawanyimi vijana chakula kwa uchoyo. Chakula kina sumu, amewaokoa. Ungejua jinsi Kweyu alivyoisimulia ile ya Wahindi. Yule mwizi alimwita Opicho, jina la muuza nyama wetu hapa sokoni, anayekupimia mfupa akisema ni steki. Kila akitokea, Kweyu husema, "Opicho, rudisha hiyo dhahabu, na ukirudi urudishe na ile nusu kilo ya Jumamosi." Opicho mwenyewe huja kutazama na ndiye anayecheka kuliko wote.

Ndiyo, huja. Kila Jumapili saa tisa, tukitoka kanisani, nafungua mlango. Nafiso wa duka la vitambaa hufunga mapema, anasema dini yake haimkatazi kucheka. Tunakaa hata sakafuni. Kweyu aliianza kazi hii katika kibanda cha vidio Kariobangi akiwa kijana mwembamba, akisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwaeleza watu filamu ambazo hakuna aliyejua lugha yake. Akaimalizia hapa chumbani kwetu, ametundika godoro dirishani ili kelele za nje zisiingie. Watu hawa ndio waliomsikiliza miaka yote hiyo.

Sasa jibu langu. Hapana.

Siku ya kunyolewa mlichukua koti, baiskeli, kitanda na redio. Mzee Shiundu alichukua hata viatu ambavyo havimtoshi. Sikufungua mdomo. Sauti si koti, hamtaitoa kwenye msumari mkaondoka nayo.

Muhonja

*

Butere
23 Februari 2025

Mama Roseline,

Nakusalimu. Mama amepaka mafuta uliyosema na anakushukuru. Mvua bado. Pembe ya ng'ombe imepona, sasa anaonekana kama mtu aliyevaa kofia upande.

Kuhusu bi harusi, mimi bado nasema analia kwa uchungu. Nimeirudia. Kitunguu hakimfanyi mtu akunje kitambaa vile. Kama marehemu alisema ni kitunguu basi aliongeza chumvi, na hata akiwa mdogo alikuwa hivyo, ukimtuma mtoni anarudi na hadithi na mtungi mtupu.

Jibu lako niliwafikishia wazee na halikupokewa vizuri. Mzee Shiundu amesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Amesema marehemu anataja watu walio hai kwa majina yao, na aliye kaburini hapaswi kuwaita walio hai. Wameamua kwamba usipoleta vitu hivyo tarehe 31, basi usije. Watu watakula na kuomba bila wewe, na ile nyumba yako ya hapa nyumbani itapewa mtu wa kuitunza.

Mimi ni mjumbe tu. Usinikasirikie.

Andati

*

Jericho
9 Machi 2025

Shemeji,

Hatujambo. Roseline anakohoa kidogo. Maji yalipotea siku nne, tukarudi kwenye mitungi, na leo yamerudi ya rangi ya chai.

Nimetazama filamu ya Wanaijeria ambayo Kweyu hakuisimulia, maana wale tunawasikia wenyewe. Mjane ananyolewa kichwa, ananyang'anywa nyumba na shemeji zake, anapiga magoti na kulia vipindi vitatu. Nafiso aliniuliza kama nimeipenda. Nilimwambia nimechukia kila kitu isipokuwa viatu vya yule mjane. Mtu mwenye viatu vizuri hivyo anapiga magoti kwa nini?

Usinitajie asiyesikia la mkuu, wewe usiyesikia hata jogoo. Waambie wazee wako nitakuja tarehe 31 na sitaleta kitu. Nitakaa mbele, kwenye kiti cha mjane, kwa sababu mjane ni mimi. Nyumba hiyo nilichota maji ya kuikandika mimi mwenyewe nikiwa na mimba ya Roseline. Anayetaka kuitunza aje nimwonyeshe pa kufagia.

Sasa nina swali, na ulijibu. Tangu mazishi, hakuna mtu wa Butere aliyekanyaga nyumba hii Jumapili. Mzee Shiundu hajui hata njia ya kufika hapa. Kabla sijakuandikia lolote, alijuaje kwamba Kweyu bado anaongea Jericho? Nani alimpelekea neno?

Fikiri kwanza ndipo uandike. Mtu mmoja tu alikuja, mwezi wa Novemba, akakaa kwenye kochi langu akala chapati zangu.

Muhonja

*

Jericho
6 Aprili 2025

Shemeji,

Mwezi mzima hujaandika. Ofisi ya mizigo wanasema barua yangu ilichukuliwa tarehe 12 Machi na kwamba aliyetia sahihi ni wewe. Mama yuko salama? Kama ni ugonjwa niambie.

Kama si ugonjwa, jibu swali langu.

Muhonja

*

Butere
14 Aprili 2025

Mama Roseline,

Si ugonjwa. Mama yuko salama, mvua imenyesha, tumepanda. Nimeianza barua hii mara tano nikaichoma.

Ni mimi niliyepeleka neno kwa wazee. Mzee Shiundu hakuwa na habari yoyote, mpaka nilipomwendea kwake siku ya pili baada ya kutoka Nairobi.

Nitakwambia kwa nini, kisha unaweza kuichana barua hii. Ile Novemba mliniweka katikati ya Nafiso na muuza nyama. Mkawasha televisheni. Nikaona mnacheka wote kwa wakati mmoja, halafu mkanyamaza wote, halafu mkacheka tena. Wewe ulicheka mpaka ukafuta macho kwa leso. Nilijua kwamba ndugu yangu anasema kitu. Nikakushika mkono, nikakuuliza, anasema nini? Ukaniashiria kwa kidole kwamba ningoje kidogo. Nikangoja. Filamu ikaisha, watu wakaaga, ukaleta chai. Hukuniambia.

Kweyu nilimlea mimi. Baba alipofariki alikuwa na miaka minne, nami ndiye niliyekuwa nikimvusha mto kwenda shuleni. Sauti yake ilipovunjika na kuwa ya kiume nilikuwa kiwandani, na niliporudi likizo masikio yalikuwa yameshaanza kwenda. Alinong'ona, akapiga kelele, akaniandikia kwenye vipande vya karatasi. Sauti yake ya utu uzima sikuwahi kuisikia sawasawa hata siku moja. Alinitumia filamu tupu, kabla hajazisimulia, akasema, kaka, kwako hizi ni sawa tu. Alikuwa anatania, lakini iliniuma.

Nyinyi nyote mnayo sauti yake, hata muuza nyama. Mimi niliyemlea sina. Nikasema moyoni, basi tukose wote. Hilo ndilo nililowapelekea wazee, nikalivika joho la mila ili lionekane kubwa.

Naona haya kwa niliyoyafanya.

Andati

*

Jericho
27 Aprili 2025

Shemeji Andati,

Roseline amepona kikohozi. Hakuna habari nyingine za nyumbani leo.

Nimekasirika, na sitajifanya vinginevyo. Ulitaka kunizikia mume mara ya pili, na ukawatumia wazee kushika jembe. Barua yako nilitaka kweli kuichana, nikaishia kuchana bahasha. Roseline ndiye aliyenizuia. Aliisoma, akasema, "Mathe, lakini hiyo ya kidole ni ukweli. Nilikuona." Nikamfukuza jikoni. Kisha nikakaa, na nikakumbuka kile kidole. Nilitaka kwanza tumalize kucheka ndipo nikueleze, halafu nikasahau. Ulikuja safari nzima kwa ajili ya nduguyo na mimi nikakupa chai. Kosa hilo ni langu. Lakini lako ni kubwa kuliko langu, na usije ukadhani yamefutana.

Ndani ya kifurushi hiki utapata daftari la kurasa tisini na sita. Ile filamu ya ndugu wawili wanaoendesha lori la mbao kwenye theluji unayo, alikutumia wiki moja kabla hajafariki. Ndiyo aliyokuwa akiisimulia mwisho. Nimekaa nayo kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, nikisimamisha, nikiandika, nikirudisha nyuma. Kila alilosema limo humo, hata alipokohoa nimeandika "anakohoa". Washa filamu yako na usome polepole, nimeweka dakika pembeni.

Sikukwambia jambo moja, na sikukwambia kwa sababu ya hasira. Majahili wa filamu zake aliwapa majina ya watu wa Jericho, lakini katika hii kuna kaka mkubwa, na tazama alivyomtambulisha:

"Oya wasee, na mama zangu wa Jericho, huyu mnamwona na koti kubwa ni Andati. Ni bro wangu wa damu. Hana stori mob, ni mtu wa maneno machache, lakini guza mdogo wake ndio utajua hujui. Na huyu mwembamba hapa nyuma ni mimi Kweyu. Mzigo wote amebeba Andati, mimi nimebeba redio tu."

Anakuita jina mara sitini na tatu. Nimehesabu.

Ukifika dakika ya arobaini na saba utaona maneno yanakatika. Anasema, "Andati anamwambia mdogo wake, lala kidogo, mimi nitaendesha. Na mdogo naye anamjibu," kisha unasikia kiti kikisogea. Alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji. Alianguka mlangoni. Kutoka hapo ni Wazungu na lugha yao hadi mwisho.

Mimi hapo huzima. Tumeitazama Jumapili nne na kila mara huzima hapo, na watu hunyanyuka wakaenda zao. Mwisho wake sijawahi kuuona. Wewe umeuona, na kwako sauti haikukatika popote. Niandikie mwisho wake. Mdogo alijibu nini?

Na wazee waambie msimamo wangu ni ule ule.

Muhonja

*

Butere
11 Mei 2025

Mama Roseline,

Mama anakusalimu. Mahindi yameota vizuri. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Nilijifungia ndani, nikalisoma daftari siku mbili. Nililia, na Frankline aliniona nikilia akadhani kuna msiba. Pale penye jina langu nilifikiri umekosea kuandika. Nikaendelea mbele, nikalikuta tena, na tena. Sasa najua alivyokuwa akiongea. Anaongea upesi, halafu anasimama, halafu anamchokoza mtu. Sikuwa najua kwamba husimama.

Jana nilikwenda kwa wazee. Niliwaambia neno lile lilikuwa langu, lilitoka kwenye wivu, na nimekuja kulichukua. Mzee Shiundu alisema neno likishafika kwa wazee haliwi tena la mwenyewe. Walisema mengi, nadhani makali, kwa midomo nilivyoiona. Kuna wakati uziwi unafaa. Niliwaambia mjane atakaa kwenye kiti chake, nami nitakaa karibu naye, na anayetaka flashi aje aichukue akipitia kwangu. Wawili walitikisa kichwa kunikubali. Shiundu hakutikisa. Hatujamaliza naye.

Uliniomba mwisho. Nimetazama tena mara tatu ili nisikosee. Mimi si msimulizi, nimeandika nilivyoona:

Mdogo anajibu, sawa kaka, lakini usiende mbio. Analala. Andati anaendesha lori. Theluji inaanguka sana. Andati anamfunika mdogo wake kwa lile koti kubwa, yeye anabaki na shati. Wanafika mji wenye kanisa. Andati anamwamsha lakini mdogo hataki kuamka, unajua vijana. Basi anambeba mgongoni. Watu wa mji wanatoka nje wamevaa nguo nyeusi, nadhani ni sare ya kwaya. Wanaimba. Wanamtengenezea mdogo kitanda kizuri cha mbao, mbao zile zile za kwenye lori. Andati amelivaa tena koti lake, anasimama kando haondoki. Mdogo amechoka tu. Safari ilikuwa ndefu. Mwisho.

Andati

*

Jericho
19 Mei 2025

Shemeji Andati,

Sisi ni wazima. Hongera kwa ndama. Mwambie Mama nimemnunulia leso, nitakuja nayo.

Nitapanda basi Ijumaa tarehe 30 pamoja na Roseline. Flashi nitaivaa shingoni kwa uzi, juu ya gauni, mahali ambapo kila mzee ataiona. Nakuja nayo na nitarudi nayo. Mzee Shiundu akitaka kuzika sauti ataanza na yangu, na yangu bado iko hai na ina kelele. Huko kwenye kikao chenu mkitaka filamu, televisheni ya Frankline itatosha. Wewe nitakuandikia kila neno kwenye daftari kabla watu hawajaanza kucheka.

Jana ilikuwa Jumapili. Niliwaambia watu kwamba leo hatutazima. Nilitoa kipaza sauti cha Kweyu kabatini, Roseline akakiunganisha. Ilipofika dakika ya arobaini na saba, kiti kikasogea, nikaanza kusoma karatasi yako. Mstari wa kwanza niliurudia mara mbili. Nafiso akaniambia, "Soma, walahi, usituache hapa tena." Nikasoma.

Shemeji, lile si kitanda. Tuliliona sote. Tuliona misumari ikigongwa kwenye mfuniko, tukaona likishushwa shimoni, na lile koti kubwa limesimama kando peke yake. Unaona vizuri kuliko sisi sote, kwa hiyo najua na wewe uliliona, mara zote tatu. Nilikuwa na karatasi yako mkononi na watu kumi na wanne wamenikodolea macho, na ningeweza kusema ukweli. Nilisoma ulivyoandika. Mdogo amechoka tu, safari ilikuwa ndefu.

Opicho alivua kofia yake. "Mwacheni alale basi," akasema, na hakuna aliyembishia.

Muhonja,
mke wa Kweyu